Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Kabla hujasema "iko hapa hapa mjini"



Ndugu zangu na dada zangu wa jamaa ya msikiti wetu, alhamdulillah kumi la kwanza limetupita, tumo katikati ya mwezi. Allah atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu.

Leo tuzungumze kuhusu meseji moja. Unaijua, maana kwa sura hii au ile imeshapita kwenye simu yako. Inasema kuna tovuti inamtukana Mtume wetu (s.a.w.), au imeweka Qur'ani iliyochezewa. Mpaka hapo umeudhika, na una haki ya kuudhika. Halafu inakuja sentensi ya pili: "Na hii tovuti haiko mbali jamani, iko hapa hapa mjini! Seva zao ziko kwa kampuni ya fulani, ofisi iko juu ya duka la fulani. Wasambazie Waislamu wote." Chini yake pana skrinshoti ya ramani yenye alama nyekundu.

Hebu angalia kilichotokea hapo. Sentensi ya kwanza imekutia hasira. Sentensi ya pili imeipa hasira yako mlango wa kwenda kugonga.

Meseji hiyo ina madai mawili, siyo moja. La kwanza ni kwamba matusi yapo. Hilo pengine kuna watu wameliona kwa macho yao. La pili ni kwamba yanatoka mahali fulani, kwa mtu fulani. Hilo hakuna aliyeliona. Lakini kwa kuwa yamekuja kwenye meseji moja, ukweli wa la kwanza unalibeba la pili mgongoni, na sisi tunayapokea yote mawili kama kitu kimoja.

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, Allah anawaamrisha walioamini kwamba akiwajia fasiki na habari, waihakikishe kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki kuyajutia waliyoyatenda. Aya hii tumeisikia mara nyingi. Leo tuangalie kisa ambacho wafasiri wengi wanakitaja kuwa ndicho sababu ya kushuka kwake, kwa sababu kinafanana sana na hiyo skrinshoti.

Mtume (s.a.w.) alimtuma al-Walid bin Uqba kwenda kwa Bani al-Mustaliq kukusanya zaka. Watu wale walikuwa wameshasilimu. Waliposikia mjumbe anakuja, wakatoka kwa wingi kwenda kumlaki. Lakini zamani za ujahilia kulikuwa na uhasama kati yake na wao. Alipowaona wanatoka kwa wingi, akaogopa, akadhani wanakuja kumuua. Akageuza njiani, akarudi Madina, akasema wamekataa kutoa zaka na wametaka kumuua. Hali ikawa nzito, ikakaribia watu kupelekewa jeshi. Kisha wale watu wenyewe wakafika kwa Mtume (s.a.w.) wakaeleza kwamba hawajamwona mjumbe wala hajawafikia, na kwamba walitoka kwa heshima.

Umeliona hilo? Alichokiona al-Walid kilikuwepo. Kweli watu walitoka, kweli walikuwa wengi. Kosa liko kwenye maana aliyoipa. Na kosa la pili: alitoa habari za mahali ambapo hakufika.

Sasa turudi kwenye ramani yenye alama nyekundu. Nayo inaweza kuwa ya kweli kabisa, hakuna aliyeitengeneza. Swali ni hili: inasema nini hasa? Na aliyeituma amefika wapi kabla ya kurudi kutuambia?

Tuseme kwa lugha nyepesi. Tovuti siyo nyumba yenye kiwanja kimoja. Ina jina, ambalo ndilo anwani unayoandika. Ina seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa zake. Mara nyingi ina wakala wa katikati anayezipokea kurasa hizo kutoka kwenye seva na kuzifikisha kwa wasomaji. Na ina mwenyewe, mtu anayeandika yale yaliyomo. Vitu hivi vinne vinaweza kuwa katika nchi nne tofauti.

Anza na jina. Utasikia mtu anasema, "Si unaona inaishia na .tz? Basi iko Tanzania." Au .ke, basi iko Kenya. Lakini wewe unatazama tovuti ngapi za televisheni zinazoishia na .tv? Hizo herufi mbili ni za nchi ya Tuvalu, visiwa vidogo kule bahari ya Pasifiki. Hakuna anayedhani vipindi vyote hivyo vinarushwa kutoka Tuvalu. Jina linaonyesha limesajiliwa chini ya herufi za nchi gani. Halikuonyeshi kompyuta iko wapi, sembuse mtu.

Na hili lilionekana na dunia nzima mwaka 2010. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo tovuti ya WikiLeaks ilianza kutoa barua za siri za balozi za Marekani. Kila mtu akataka kujua: iko wapi? Tarehe 1 Desemba kampuni ya Amazon ya Marekani ikaiondoa kwenye seva zake. Siku mbili hazikupita, na jina lake la awali likaacha kufanya kazi. Ikaibuka na jina jipya linaloishia na .ch, ambazo ni herufi za Uswisi. Wengi wakasema imehamia Uswisi. Kumbe ukiandika jina hilo la Uswisi ulikuwa unapelekwa kwenye mitambo iliyoko Uswidi na Ufaransa. Waziri wa viwanda wa Ufaransa, Éric Besson, akataka izuiwe kuhifadhiwa nchini mwake. Na kampuni ya Kifaransa yenye zile seva, OVH, ikasema yenyewe imejua kupitia magazeti kwamba tovuti hiyo iko kwake!

Usiipite hiyo haraka. Kampuni inakodisha maelfu ya seva, na haijui kila mpangaji anaweka nini ndani. Ni kama mwenye nyumba ya vyumba vingi. Mpangaji mmoja akifanya uovu chumbani mwake, je, tukachome nyumba nzima? Na hao wapangaji wengine wana kosa gani? Kwenye seva moja, kwa anwani moja ya IP, zinaweza kukaa mamia ya tovuti: ya duka la vitambaa, ya shule, na pengine hata ya madrasa. Anayekuonyesha anwani ya IP amekuonyesha jengo, hajakuonyesha mtu.

Njoo kwa wakala wa katikati. Tovuti nyingi duniani leo zinapita kwa kampuni kama Cloudflare. Kazi ya kampuni ya namna hii ni kuweka mitambo miji mingi ili mtu ajibiwe na mtambo ulio karibu naye, ukurasa ufunguke haraka. Mitambo hiyo ipo mpaka Mombasa na Nairobi. Maana yake ni kwamba tovuti inaweza kuandikwa bara jingine na kuhifadhiwa bara jingine, lakini wewe ukiifungua ukiwa Mombasa ukajibiwa na mtambo ulioko Mombasa. Kijana wetu anayejua kompyuta kidogo anapima njia, anaona jibu limetoka jirani, anaruka: "Wallahi iko hapa hapa!" Alichokiona ni kweli. Alichokisema siyo kweli. Ni al-Walid njiani.

Imebaki ile alama nyekundu yenyewe. Hizo ramani za anwani za IP ni makisio. Kuna kampuni zinazokusanya taarifa na kukadiria kila anwani iko upande gani. Wakati mwingine zinajua mji, wakati mwingine zinajua nchi tu. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Kashmir Hill alieleza yaliyotokea kwenye shamba moja huko Kansas, Marekani. Kampuni ya MaxMind, kila ilipojua tu kwamba anwani fulani ni ya Marekani bila kujua mji, iliweka alama katikati ya nchi. Hiyo katikati ikaangukia kwenye shamba la watu. Anwani za IP zaidi ya milioni 600 zikaonekana kana kwamba zinatoka pale. Kwa takriban miaka kumi waliokaa shambani walisumbuliwa na polisi, na wakusanya kodi, na watu wenye hasira waliodhani wamempata tapeli aliyewaibia. Kuna aliyekwenda kutupa choo kibovu kwenye njia ya kuingilia kwao. Watu wale hawakuwa wamefanya lolote. Baadaye kampuni ikaihamishia alama hiyo majini, mbali na nyumba za watu.

Na usidhani ni mambo ya Marekani peke yake. Mwaka 2019 mwandishi huyo huyo alieleza kuhusu nyumba moja mjini Pretoria, Afrika Kusini, iliyopatwa na balaa hilo hilo. Polisi wanakuja, watu walioibiwa simu wanakuja, kila mmoja ana ramani mkononi na ana yakini. Ramani zilikuwa zimechukua nukta moja iwakilishe mji mzima wa Pretoria, na nukta hiyo ikaangukia uani kwao.

Ndugu yangu, fikiria nukta hiyo ingeangukia uani kwako, mwezi huu, saa ya futari.

Hapo ndipo aya inapotushika. Allah hakusema msije mkawadhuru Waislamu wenzenu. Amesema watu, kwa neno lililo wazi, wawe wa dini yoyote. Yule kijana wa ofisi iliyo juu ya duka ana haki hiyo, awe amefunga kama wewe au awe hajawahi kuingia msikitini. Na mwisho wa aya ni majuto. Neno lililotumika kusema "mkawa" wenye kujuta, asili yake ni la asubuhi. Meseji inasambazwa usiku baada ya Tarawehe, na damu ikiwa moto. Asubuhi ndiyo unajua kwamba duka lililovunjwa lilikuwa la mtu asiyehusika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wanazuoni wa visomo wanatufundisha kwamba neno la amri katika aya hii limesomwa kwa namna mbili. Kisomo tunachokisoma sisi ni fatabayyanu, yaani tafuteni ibainike. Na katika kisomo cha Hamza na al-Kisai ni fatathabbatu, yaani tulieni, thibitini. Vyote viwili ni kisomo sahihi, na vyote viwili tunavihitaji. Wengi wetu hatuna elimu ya kubainisha seva iko wapi. Sawa. Lakini kutulia kila mtu anaweza. Hakuhitaji bando.

Tukumbuke na kisa cha ifki, kilichotokea katika safari ya kurudi kutoka vita vya Bani al-Mustaliq, kabila lile lile. Mama yetu Aisha (r.a.) alisingiziwa, na maneno yakazunguka Madina karibu mwezi mzima. Katika Surat an-Nur, aya ya 15, Allah anawalaumu watu kwa kuyapokea maneno yale kwa ndimi zao. Habari kwa kawaida hupokewa kwa masikio. Wao waliipokea kwa ulimi, maana hata haikupita moyoni ikapimwa, iliingia na kutoka hapo hapo. Sisi leo tunaipokea kwa kidole gumba.

Lakini Madina hiyo hiyo kulikuwa na nyumba moja iliyofaulu mtihani. Abu Ayyub al-Ansari na mkewe Ummu Ayyub (r.a.) walizungumza habari ile. Abu Ayyub akamuuliza mkewe kama yeye angeweza kulifanya jambo lile. Akajibu kwamba hapana, wallahi. Akamwambia basi Aisha ni bora kuliko wewe. Yakaishia pale, ndani ya nyumba, mume na mke. Hawakuwa na ushahidi mpya wowote. Walijipima wao wenyewe, wakamdhania mwenzao heri.

Najua kuna mtu anasema: "Ustadh, kwa hiyo tunyamaze dini yetu ikitukanwa?" Hapana. Hasira kwa ajili ya Mtume (s.a.w.) ni dalili ya imani. Lakini katika Surat al-Maida, aya ya 8, Allah anatuonya kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kutofanya uadilifu. Onyo hilo lina maana pale pale ambapo hasira ina sababu ya haki. Huwezi kumtetea Mtume aliyeamrisha uhakiki kwa kuacha uhakiki. Na tukumbuke, yeye mwenyewe habari ya al-Walid ilipomfikia, mambo hayakuisha mpaka ukweli ulipojulikana na damu za watu zikasalimika.

Mwingine atasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo siyo dalili ya kisheria. Huwezi kwenda nayo mbele ya kadhi, na huwezi kwenda nayo mbele ya Allah.

Basi ufanye nini meseji ikikufikia? Haya machache yanatosha:

1. Yatenganishe madai. Jiulize: nani ameona matusi? Nani amethibitisha mahali? Nani amethibitisha mtu? Usiruhusu jibu la swali la kwanza likajibu la tatu.

2. Muulize aliyekutumia, kwa adabu: umeijuaje? Akisema "nimetumiwa", ujue umefika mwisho wa njia. Mmetumiwa watu elfu moja, lakini shahidi hayupo hata mmoja. Wingi wa waliofowadi siyo wingi wa mashahidi.

3. Akikuonyesha ramani, au anwani ya IP, au herufi za mwisho za jina, mwambie hiki kinaonyesha jengo au njia, hakionyeshi mtu. Usikubali jina la mtu wala la biashara litajwe kwa ushahidi huo.

4. Usisambaze linki yenyewe. "Fungueni muone wanavyotutukana" ni kuwaletea wasomaji watukanaji wako. Wao wanachotaka ni kufunguliwa.

5. Lipeleke kwa wenyewe. Katika Surat an-Nisa, aya ya 83, Allah anawalaumu wanaotangaza kila habari ya amani au ya hofu inayowafikia, na anaeleza kwamba lau wangeirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wangeijua wale wanaoweza kuichimbua. Neno lililotumika hapo, istinbat, asili yake ni kuchimba kisima mpaka maji yatoke. Ni kazi ya mwenye jembe na subira. Basi mpe habari imamu au kamati ya msikiti, nao wawafikishie polisi na mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Hao wana uwezo wa kuitaka kampuni itoe kumbukumbu zake, jambo ambalo wewe na mimi hatuna.

6. Na kama umeshaisambaza, irudie njia yako. Rudi kwenye kila grupu ulilolituma, useme wazi: "Nilituma habari hii, sina uthibitisho wake, naomba muifute na msimguse mtu." Kuifuta kimya kimya hakutoshi, kwa sababu imeshasomwa. Na kama ulimtaja mtu, muendee umwombe radhi. Haki ya mja haifutwi na istighfari peke yake.

Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Na tumefundishwa kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kusimulia kila anachokisikia. Uzingatie, siyo anachokitunga. Anachokisikia tu! Unaweza kuwa hukutunga hata herufi moja na bado ukaandikiwa uongo, kwa sababu uliupa mkono uvuke.

Kwa hiyo kazi ya leo, mpaka kesho futari: habari yoyote itakayokujia ikiwa na jina la mtu au la mahali ndani yake, iache ilale. Isilale kwenye grupu, ilale kwako. Kama ni kweli, haitaharibika kwa kusubiri. Na kama ni uongo, utakuwa umeuzima wewe, na pengine kuna familia mahali fulani imefuturu kwa amani, isijue kabisa kwamba ni wewe uliyewalinda. Allah anajua.

Ewe Mola wetu, zilinde ndimi zetu na mikono yetu na haki za waja Wako. Tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Wakinge wasio na hatia na shari ya maneno yetu, na utukinge sisi na majuto ya asubuhi. Utakabali funga zetu, uwarehemu wazee wetu waliotangulia. Amin.

Wallahu a'lam. Darsa fupi baada ya Alasiri kama kawaida, na tafakuri ya siku ya 13 itawafikia kesho, in shaa Allah.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.